Mputa Gama na Nyumba ya Mahoka

Msafiri atokaye Mbamba Bay, pwani ya Ziwa Nyasa, hupanda kwanza milima ya Umatengo hata Mbinga. Kisha hushuka taratibu kuelekea mashariki, akapita Kigonsera, na mwisho hufika katika nchi iliyo wazi zaidi, ndiyo nchi ya Ungoni, penye Peramiho na mji wa Songea. Katika nchi hiyo alitawala Mputa bin Gwezerapasi Gama, mfalme wa Njelu wakati wa Vita vya Maji Maji. Wangoni humwita mfalme wao Nkosi. Jina la Mputa lajulikana sana kwa ajili ya vita hivyo na kwa ajili ya mauti yake. Lakini katika maisha yake limo jambo jingine linalotupasa sisi Wakristo kulitazama kwa makini, nalo ni habari ya hasira: hasira yake mwenyewe, na tendo la mtu mwingine aliyekuwa padre, ambalo hasira hiyo ilizaliwa kwalo.

Tuanze na ukoo wake. Wangoni walitoka mbali sana kusini, wakikimbia vita vilivyowaka katika nchi za Wazulu zamani za Shaka. Wakiongozwa na Zwangendaba wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaenda wakipigana na kuteka watu njia nzima, hata wakafika Ufipa. Huko Zwangendaba akafa, na jamaa yake ikagawanyika. Kundi moja lilifuata njia ya mashariki, na miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Zulu Gama. Walipofika nchi inayoitwa leo Songea waliwakuta Wangoni wengine, wa Maseko, waliotangulia kufika kwa njia nyingine. Wakapigana nao, wakawafukuza ng'ambo ya mto Ruvuma. Ndipo zikasimama falme mbili: Mshope upande wa kaskazini, na Njelu upande wa kusini. Njelu ulikuwa wa akina Gama, na Mputa alizaliwa katika nyumba hiyo.

Mtoto wa nyumba ile alilelewa katika sifa za vita. Alisikia majina ya mababu yakitajwa pamoja na nchi walizozishinda. Aliwaona mateka wakiletwa, wakapewa mashamba ya kulima na lugha ya kusema, hata baada ya miaka michache wakajiita Wangoni kama wengine. Wazee wa Kimatengo hawakuwa na sababu ya kuzifurahia sifa hizo. Wao walijificha mapangoni na katika miteremko mikali ya milima, na wengi husema kwamba kusongamana kwao huko ndiko kulikowafundisha kuchimba ngoro, yale mashamba ya mashimo ambayo hata leo huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Basi yafaa tukumbuke tangu sasa kwamba nyumba nyingi zilichomwa moto katika nchi hizi kabla Mzungu hajafika. Mngoni alijua vizuri maana ya kuchoma nyumba ya mtu. Alikuwa hajajua tu maana ya kuchomewa ya kwake.

Mwezi wa Julai mwaka 1897 Wadachi, ndio Wajerumani, walifika na askari wao. Ofisa wao, Luteni Engelhardt, aliwaita wakuu wa Wangoni mkutanoni, nao walipokwisha kusanyika wakazuiwa hata wakakubali kuwa chini ya serikali ya Wadachi. Boma likajengwa, na mji uliokua kando yake ukaitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna mwenye nguvu sana katika Njelu. Tangu siku hiyo Wangoni wakakatazwa kuteka. Wakatozwa kodi ya nyumba, na asiye na fedha akafanyishwa kazi. Watu waliokuwa wakitetemekewa toka Ruvuma hata ziwani wakajifunza kulala kifudifudi mbele ya kiboko cha askari. Mputa aliposhika ufalme wa Njelu alishika kiti ambacho heshima yake ilikuwa imekwisha kupunguzwa nusu. Walakini nusu moja ilikuwa bado imebaki, nayo ilikuwa heshima ya wafu wake.

Nyuma ya askari walifuata wamisionari. Mwaka 1898 Wabenediktini wa St. Ottilien, nyumba iliyoko Bavaria katika nchi ya Ujerumani, walianzisha misheni ya Peramiho. Aliyewaongoza alikuwa Padre Cassian Spiss, ambaye baadaye alifanywa askofu. Mwaka uliofuata, 1899, wakaanzisha misheni ya Kigonsera. Walijenga, walilima, walitibu wagonjwa, walifundisha watoto kusoma. Hawakuja kuteka mtu. Hata hivyo machoni pa watu wengi hawakuwa mbali na boma, maana walifika kwa njia ile ile, katika miaka ile ile, na ngozi yao ilikuwa ile ile.

Miongoni mwa mapadre wa Peramiho alikuwako Padre Franziskus Leuthner. Huyu alikuwa mtu wa bidii kubwa, na bidii yake iligongana na mahoka.

Mahoka ni roho za mababu. Wangoni waliwajengea nyumba, na hapo ndipo walipoomba mvua, afya, na ushindi. Nyumba ya mahoka ya mfalme haikuwa yake peke yake, bali ilikuwa ya ufalme wote. Hapo mfalme alisimama mbele ya baba zake kwa niaba ya watu wake. Nyumba ya Nkosi Mputa ilikuwa si mbali na Peramiho. Padre Franziskus alifundisha kwamba hapana wa kuabudiwa ila Mungu mmoja, naye aliona kwamba nyumba ile yawavuta watu warudi nyuma. Siku moja, miaka michache kabla ya vita, aliitia moto, ikateketea.

Mwanafunzi asomaye habari hii aweza kuuliza kama padre alikosa. Swali hilo si jepesi. Katika masimulizi ya Kanisa yamo matendo yafananayo na lile. Mtakatifu Benedikto mwenyewe, baba wa shirika lake, alipopanda mlima wa Monte Cassino, alibomoa sanamu ya Apolo na kuchoma moto vichaka vilivyotengwa kwa ibada yake. Mtakatifu Bonifasi aliukata mti mkubwa ulioabudiwa na Wajerumani wa kale. Gideoni aliangusha madhabahu ya Baali usiku. Na Bwana wetu Yezu Kristu alizipindua meza za wabadilishaji fedha. Padre aliyekulia katika masimulizi hayo huenda alijiona anafuata nyayo za watakatifu, wala hakudhani kwamba katika bidii yake imechanganyika hasira.

Lakini tutazame vema. Madhabahu aliyoiangusha Gideoni ilikuwa ya baba yake mzazi. Alianza nyumbani kwake. Hekalu alilolisafisha Yezu lilikuwa nyumba ya Baba yake. Nyumba ya mahoka haikuwa ya Padre Franziskus wala ya baba yake. Na limo katika Maandiko tendo jingine linalofanana na lile la Peramiho zaidi ya hayo yote. Mtume Paulo alipofika Athene aliuona mji umejaa sanamu, na moyo wake ukachafuka ndani yake. Hasira ilikuwapo. Paulo hakutafuta shoka wala moto. Alizungumza na watu sokoni siku kwa siku, na aliposimama mbele ya wakuu wao alianza hotuba yake kwa kuitaja madhabahu yao moja, iliyowekwa kwa ajili ya Mungu asiyejulikana, akaifanya kuwa mlango wa kuingilia. Wengi walimcheka, wachache wakaamini. Paulo alikuwa mgeni asiye na askari, na labda ukosefu huo wa askari ulimsaidia kuwa mpole. Padre wa Peramiho alikuwa na boma nyuma yake, ijapokuwa hakuliomba limsaidie siku ile. Mwaka 1890, kabla Wadachi hawajafika, mgeni aliyethubutu kuichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi asingaliiona jioni. Alama moja ya hasira iliyovaa vazi la bidii ni hiyo, kwamba hutenda juu ya mtu asiyeweza kurudisha.

Tena wako Yakobo na Yohane. Kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Bwana, wao walitaka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze. Walidhani wanatetea heshima yake. Yezu akageuka, akawakaripia, wakaenda zao mpaka kijiji kingine. Mara nyingi twasoma sura ile upesi, tukapita. Haifai. Wale wawili walikuwa Mitume, wampenzi Bwana kweli kweli, na upendo wao ndio uliowatia njaa ya kuona moto.

Sasa turudi kwa Mputa. Alifanya nini siku nyumba ya baba zake ilipoteketea? Hakuinua mkuki, maana alijua nguvu za boma. Alinyamaza. Mtu anaponyamaza baada ya kuaibishwa, wenzake hudhani amesahau, au ameogopa. Hata mtoto wa shule ajua jambo hili: aliyepigwa mbele ya wenzake husahau maumivu upesi, lakini hayasahau macho yaliyomtazama. Watu wa Njelu walikuwa wameona. Waliona kwamba mababu hawakumpiga padre kwa radi, na kwamba mfalme hakumpiga kwa mkuki. Kwa hiyo aibu ya Mputa ilikuwa mara mbili, mbele ya walio hai na mbele ya wafu, na jua likazama juu ya hasira yake siku ile, na kesho yake, na siku nyingi zilizofuata.

Wabenediktini wana Kanuni waliyopewa na Mtakatifu Benedikto, nao huisomewa mwaka mzima, sehemu kwa sehemu. Katika sura yake ya 4 mmonaki anakatazwa kuitimiza hasira yake kwa tendo, na papo hapo anakatazwa pia kuihifadhi moyoni ikingoja saa yake. Ni makatazo mawili yaliyowekwa pamoja, na mtu akiyasoma kwa haraka atafikiri ni jambo moja. Si moja. Padre alivunja la kwanza. Mputa, ambaye hakuwa mmonaki wala Mkristo na hakuwahi kufundishwa Kanuni ile, aliangukia katika la pili. Hasira iliyotimizwa huonekana mara, kama moshi. Hasira iliyohifadhiwa huitwa kinyongo, nayo haina moshi.

Mwisho wa mwezi wa Julai mwaka 1905 vita vilianza katika milima ya Umatumbi, mbali sana na Ungoni, kwa ajili ya mashamba ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuyalima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji, akiwafundisha kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Wadachi walimnyonga mapema mwezi wa Agosti, lakini dawa yake haikufa naye. Ilichukuliwa kutoka nchi hata nchi. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, akisafiri kutoka pwani pamoja na mabruda wawili na masista wawili, aliuawa pamoja nao huko Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Kisha mjumbe mmoja aitwaye Kinjala akaileta dawa Ungoni. Mwanzoni mwa Septemba wakuu wa Wangoni waliikubali, Chabruma wa Mshope na Mputa wa Njelu.

Haitakuwa haki kusema kwamba Mputa aliingia vitani kwa ajili ya nyumba moja iliyochomwa. Kodi ilikuwapo, na kazi za shuruti, na kiboko, na kumbukumbu ya ule mkutano wa mwaka 1897. Mambo hayo yangetosha kumtia mfalme yeyote vitani, na wengi leo humhesabu Mputa kuwa mmoja wa mashujaa waliopigania uhuru wa nchi yao. Nao wana haki. Hasira juu ya udhalimu si dhambi. Musa aliwakasirikia Wamisri kwa haki, maana ndugu zake walipigwa. Lakini siku alipomwua Mmisri na kumficha mchangani, hakumfungua mtumwa hata mmoja kwa tendo lile. Alikimbilia jangwani, na watumwa wakaendelea kufyatua matofali kwa miaka mingi. Hasira ya haki na kinyongo hukaa nyumba moja, hula chakula kimoja, na mwenye nyumba mwenyewe huenda asijue ni yupi aliyemwamsha usiku.

Katika mwezi ule wa Septemba wapiganaji wa Kingoni waliiteketeza misheni ya Peramiho. Padre Franziskus Leuthner aliuawa. Kigonsera nayo ilichomwa moto. Moto uliowashwa kwa nyumba moja ya mahoka ulikuwa umepata ndugu wengi.

Dawa haikufaa. Kapteni Nigmann alikuja na askari kutoka Iringa, na Wangoni wakaona kwamba risasi ni risasi. Mwezi wa Oktoba wakashambuliwa kambini kwao Uwereka kwa bunduki za bombomu, wakatawanyika. Baada ya hapo hapakuwa tena na vita vikubwa. Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko vita: Wadachi walichoma vijiji na ghala za nafaka, wakateka ng'ombe, ili watu washindwe kwa njaa. Hesabu ya serikali yao ilitaja watu 75,000 waliokufa katika nchi zote za vita. Wanahistoria waliochunguza baadaye huhesabu 250,000 hata 300,000, wengi wao kwa njaa. Hayo pia yalikuwa matunda ya hasira, hasira ya watu wenye mamlaka, iliyoandikwa vizuri katika madaftari na kuitwa kutuliza nchi.

Chabruma alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Wareno, akauawa huko. Mputa hakukimbia mbali. Kabla mwezi wa Februari mwaka 1906 haujaisha alikuwa mfungwa katika boma la Songea pamoja na manduna wake wengi, na wote walikuwa wamekwisha hukumiwa kunyongwa.

Hapa ndipo Kigonsera inapoingia katika maisha ya Nkosi Mputa. Padre Johannes Häfliger, mmisionari wa Kigonsera, alikwenda Songea kuwaona wafungwa. Mwenyewe aliandika baadaye habari za siku hizo. Tufikiri alikuwa mtu wa namna gani alipoingia katika chumba kile. Askofu wake alikuwa ameuawa. Ndugu yake wa shirika alikuwa ameuawa. Nyumba yake ya Kigonsera ilikuwa majivu. Wale waliofungwa minyororo mbele yake walikuwa wakuu wa watu waliotenda hayo. Kama ilikuwapo siku ambayo padre angeweza kukaa mbali na kuiacha sheria ya Wadachi itimize hasira kwa niaba yake, ilikuwa siku ile. Angeweza kukaa, na hapana ambaye angemlaumu. Alikwenda, akakaa nao, akawafundisha kwa ufupi habari za Mungu na za uzima wa milele, akawauliza kama wataka kubatizwa.

Wengi walikubali. Wengine walikataa, wakataka kufa katika njia ya baba zao. Mputa ndiye aliyemsumbua padre kuliko wengine, maana hakutaka. Naye alipoulizwa sababu, hakutaja kodi wala kiboko wala kamba iliyomngoja. Alitaja nyumba ya mahoka iliyochomwa na Padre Franziskus.

Msomaji asilipite jambo hili upesi. Mtu yule alikuwa amepoteza ufalme, ng'ombe, jeshi, na uhai ulikuwa umebaki wa saa chache tu. Njaa ilikuwa imeanza kuwala watu wake. Katika maovu yote aliyotendewa, lililosimama mlangoni pa moyo wake na kumzuia asiingie kwa Kristu lilikuwa tendo la mtumishi wa Kristu. Askari walimfunga mikono. Mlango huu mwingine ulifungwa na kiberiti cha padre, na ufunguo wake alikuwa nao Mputa mwenyewe, ameushika miaka yote hiyo.

Padre Johannes alimwonyesha kwamba kisasi cha nyumba ile kilikuwa kimekwisha kupatikana, kwa kuwa Padre Franziskus alikuwa ameuawa. Wengine huona jawabu hilo kuwa gumu, kama hesabu ya deni sokoni. Kwa maoni yangu lilikuwa jawabu la mtu aliyejua Wangoni, na lilimgharimu aliyelitoa. Kusema vile kulikuwa kukiri kwamba Mputa alikuwa na dai. Kwamba hasira yake haikuwa upumbavu wa mshenzi, bali ilikuwa na chanzo chenye jina na mahali. Tena kulikuwa kusema kwamba upande wa wamisionari haukudai tena damu ya ndugu yao. Neno la kuomba radhi kwa ajili ya nyumba ile lilistahili kusemwa mapema zaidi, siku ile ile majivu yake yalipokuwa bado ya moto. Kama lingalisemwa siku ile, sidhani vita visingalifika Ungoni. Lakini padre mmoja angalilala salama zaidi, na mfalme mmoja angalikuwa na kitu kimoja kidogo cha kubeba.

Mputa akakubali, akabatizwa.

Wako wanaouliza kama mtu aliye chini ya mti wa kunyongea aweza kukubali kwa hiari. Ni swali la haki. Wale waliokataa siku ile wanasaidia kulijibu, maana hawakulazimishwa, na kukataa kwao hakukuzidisha hukumu yao wala kukubali kwa wengine hakukuipunguza. Mputa hakupata faida yoyote hapa duniani kwa kubatizwa kwake. Kamba haikulegezwa. Kilichobadilika, kama kilibadilika, kilikuwa ndani, mahali pale ambapo nyumba ya mahoka ilikuwa ikiwaka kwa miaka. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana naye alikuwa na saa chache tu, na mikono isiyoweza kufanya tendo lolote jema. Kanisa halikudharau saa zile.

Tarehe 27 Februari 1906 Mputa bin Gwezerapasi Gama alinyongwa Songea pamoja na makumi ya wakuu na wapiganaji wenzake. Songea Mbano naye alinyongwa. Na katika mji unaoitwa kwa jina lake husimuliwa hata leo kwamba Wadachi walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake.

Wamisionari walirudi kwenye majivu yao. Peramiho ikajengwa upya, na Kigonsera ikajengwa upya, na walioibeba kazi hiyo, wakichukua matofali na miti na maji, walikuwa watu waliobaki baada ya njaa: wajane, mayatima, na vijana ambao baba zao walilala vitani. Katika kizazi kimoja Ungoni na Umatengo zilijaa shule na makanisa, na watoto wa waliopigana wakawa walimu wa dini, baadaye mapadre na maaskofu. Mwaka 1931 Peramiho ilifanywa abasia, na mwaka 1986 Mbinga ikapata askofu wake. Wamisionari waliokuja baadaye walichukua miaka mingi kujifunza desturi za Wangoni, wakaandika lugha yao na historia yao. Kazi hiyo ingalifaa kutangulia.

Nchi nayo haikusahau. Songea pana makumbusho ya Maji Maji, na kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu hukusanyika hapo kuwakumbuka walionyongwa. Tarehe 1 Novemba 2023, miaka 117 baada ya siku ile, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa matendo ya Wadachi katika nchi hii. Wazee waliomsikiliza walikuwa wajukuu na vitukuu, wala hapana hata mmoja aliyeviona vita vile kwa macho.

Waliouawa siku ya tarehe 27 walizikwa pamoja, waliobatizwa na wasiobatizwa, na Nkosi Mputa yumo kati yao.